Alama Niliyoifuta Saa Mbovu

Kwenye ubao wa mchezo unaouzwa sasa madukani, nyumba ya bibi wa Saa Mbovu haina alama ya X. Kwenye simu yangu inayo. Ni picha ileile, ukuta uleule, asubuhi ileile: alama nyekundu, kubwa kama meza ya kulia, inaanzia chini ya dirisha la kushoto na kupanda hadi karibu na paa. Aliyesema ifutwe ni mimi. Nilisema kwa simu, nikiwa nimesimama nje ya duka la mabegi Kariakoo, sikio moja nimeliziba kwa kidole kwa sababu ya spika za wauzaji, na niliamua kwa maneno mawili tu: "Futa tu."

Sikujua kwamba siku moja mwenye nyumba angeibeba picha hiyo na kwenda nayo mbele ya watu wa kumbomolea.

Kazi ilianza vizuri. Kampuni moja ndogo ya uchapaji ilikuwa inatengeneza toleo la Dar es Salaam la ule mchezo wa kununua mitaa: unarusha dadu, unazunguka ubao, na ukikanyaga kiwanja cha mwenzako unamlipa. Miji mingi duniani ina toleo lake. Wanatoa mitaa ya ng'ambo, wanaweka mitaa na majengo ya kwao, na watu wananunua kwa sababu wanataka kujitafuta humo ndani. Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea. Nilipewa kazi ya kutembea katikati ya mji, kuchagua mahali, kupiga picha na kuandika mistari miwili ya maelezo kwa kila mraba. Pakiwa mahali pa mtu binafsi, nilitakiwa kupata ridhaa yake kwa saini.

Nilifungua daftari jipya. Kila mahali palipata ukurasa wake: panaitwaje, kwa nini panajulikana, nani anapatumia, jua la asubuhi linapiga upande gani. Zile rahisi zilijaa ndani ya siku mbili. Sanamu ya Askari, Mnara wa Saa, Mnazi Mmoja, soko la samaki la Feri, Bandari, stesheni ya reli. Gereza tuliliacha bila jina. Tabu ilianza kwenye rangi. Katika mchezo ule viwanja hupangwa kwa rangi, kutoka vya bei ya chini hadi vya bei ya juu, na wenye kampuni walikuwa wamekwisha kuamua kwamba juu kabisa ni kule ufukweni, kwenye mabalozi na mahoteli. Kariakoo waliiweka katikati.

Nilimwambia hivyo mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya jumla, mtu wa Kilimanjaro, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi kama unavyowaita nusu ya wenye maduka waliotoka huko. Alikuwa anafunga sufuria kwa kamba.

"Katikati?" alisema. "Nani kaweka?"

"Kampuni."

"Aisee. Kule ufukweni wanafanya nini?"

"Wanaishi."

"Wanalala! Wakiamka wanakuja kununua sufuria kwangu. Sasa ghali ni pa kulala au pa kununulia?" Akamgeukia mteja wake, mama aliyekuja kuchukua mzigo wa dukani kwake Mtwara. "Eti mama, ukishuka basi unaenda ufukweni?"

"Kufanya nini?" mama akajibu. "Nina ndugu huko?"

"Andika hilo," Mangi akaniambia.

Niliandika. Halikubadilisha chochote, Kariakoo ilibaki katikati. Lakini nilipomwambia kwamba natafuta mahali ambapo watu wa Kariakoo wenyewe wanapatumia, siyo pa kuwaonyesha watalii, alinicheka. "Unazunguka mji mzima na Saa Mbovu hiyo hapo nyuma yako?"

Saa Mbovu ni kona, kwenye mtaa mmoja unaokata kuelekea Ilala. Hakuna kibao chenye jina hilo. Pale kuna nyumba ya Kiswahili ya chini, ya vyumba sita na korido katikati, iliyobanwa na maghorofa pande zote mbili, na juu ya mlango wake kuna saa ya saruji iliyofinyangwa ukutani. Mishale yake inasema saa nne na dakika kumi. Aliyeifinyanga alikuwa fundi saa kutoka Lindi, marehemu mume wa bibi. Alipofungua kazi hakuwa na kibao cha dukani, basi akachukua saruji iliyobaki kwenye sakafu akatengeneza saa. Watu wakaanza kumtania kwamba fundi saa gani saa yake mwenyewe haitembei. Fundi alikufa, kazi ya saa ikafa, lakini wachukuzi, madereva wa bodaboda na wanawake wa mikoani wanaokuja kufunga mizigo bado wanaelekezana hivyo: shuka Saa Mbovu, nisubiri Saa Mbovu, ukifika Saa Mbovu kata kulia.

Nilikwenda asubuhi, jua likiwa upande wa ukuta wa mbele. Bibi alikuwa barazani anapukusa kunde kwenye ungo. Chumba cha mbele amempangisha muuza madera, na midoli yake minne isiyo na vichwa ilikuwa imepangwa hadi barabarani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya nyumba, rudi ulikotoka."

Nilimweleza habari ya mchezo. Alinisikiliza bila kuacha kunde.

"Kwa hiyo watu watainunua nyumba yangu?"

"Kwenye mchezo tu, bibi."

"Na mwisho wa mchezo?"

"Vyote vinarudi kwenye boksi."

"Basi hao ni waungwana kuliko wa huku nje," alisema, akafuta mikono kwenye kanga na kuweka saini. Alitaka kujua kama saa itaonekana. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja.

Alama ya X niliiona. Nasema wazi kwa sababu ipo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu: "X nyekundu, kushoto." Nilipiga picha, nikaandika hivyo, sikuuliza. Najua kwa nini sikuuliza. Katika mji huu X ya bomoabomoa hukaa ukutani miaka. Magomeni kuna nyumba ambazo watoto wamezaliwa na kwenda shule wakiiona alama hiyo kila siku, na nyumba bado zimesimama, zina wapangaji, zina friji la soda mlangoni. Mtu anazoea. Anaiona kama anavyoona nguzo ya umeme. Mwandishi hatakiwi kuzoea, lakini nilizoea.

Wiki mbili baadaye msanifu wa ule ubao alinipigia. Alikuwa binti mwenye mikono myepesi, ameshafuta kwenye picha zangu nyaya, mapipa ya taka, bajaji na mtu mmoja aliyekuwa anapiga chafya mbele ya stesheni. Wao huita kusafisha picha.

"Dada, hii ya Saa Mbovu ina jekundu fulani ukutani. Mraba wenyewe ni wa chungwa. Vinagombana."

"Ni X tu hiyo."

"Niiache?"

Nikajibu kama nilivyokwisha kusema.

Mchezo ulipotoka nilimpelekea bibi boksi lake. Ilikuwa alasiri, na barazani kulikuwa na wachezaji wale wa kila siku wa drafti, wanaotumia vizibo vya soda. Walikunja drafti yao wakafungua ubao mpya hapohapo, na ndani ya nusu saa walikuwa wamekwisha kutupa nusu ya sheria. Aliyefungwa gerezani aliruhusiwa kutoka akinunua kahawa ya watu wote.

"Umekanyaga Saa Mbovu! Lipa!"

"Nimlipe nani? Hujainunua wewe."

"Mlipe bibi. Mwenye nyumba yupo hapa unamlipa nani mwingine?"

"Bibi, anakukopa huyu, mwambie atoke kwenye baraza lako."

"Atoke," bibi alisema. "Na aache viatu." Baraza zima likapasuka kwa kicheko.

Yeye mwenyewe hakucheza. Alichukua kadi ya kiwanja chake, yenye picha, akaipeleka kwenye mwanga. Aliitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba upande wa kushoto wa ukuta. Halafu akasema, "Imetoka kama yenyewe." Nilidhani anasifia saa.

Miezi michache ilipita. Niliendelea na kazi nyingine, nikawa mtu wa bandarini kwa habari za malori yanayosubiri foleni. Asubuhi moja Mangi akanipigia.

"Mwandishi, uko wapi? Njoo haraka. Bibi yako amekwenda na gemu serikali za mtaa."

"Amekwenda na nini?"

"Na gemu! Boksi zima! Kalibeba kwapani kama anaenda nalo harusini."

Nilimkuta kwenye foleni. Ofisi ni chumba kimoja, viti vya plastiki vimejaa hadi kwenye ngazi, na watu wameshika nakala za hati, risiti, picha za harusi zilizopigwa mbele ya kuta zao. Mradi wa kupanua mtaro wa maji ya mvua ulikuwa umepita mitaa ile kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, kabla ya Idi, walitia alama nyumba walizosema zimejengwa ndani ya hifadhi ya mtaro. Hizo zingebomolewa bila fidia. Awamu ya pili, baada ya Idi, mstari wa mtaro ulisogezwa, na nyumba zilizotiwa alama wakati huo zingefanyiwa tathmini na wenyewe kulipwa. Watu wamezoea kwamba anayelipwa hutiwa alama ya kijani. Safari hii kopo lilikuwa moja, jekundu, kwa awamu zote mbili. Kwa hiyo kila aliyekuwa na shaka aliitwa aje na ushahidi wa lini ukuta wake ulipakwa.

Nyumba ya Saa Mbovu ilikuwa imeandikwa kwenye madaftari yote mawili.

Bibi alipofika mezani aliukunjua ubao wote, akauweka juu ya makaratasi ya watu. Upande wa pili alikaa afisa wa mradi, kijana mpole mwenye kitambulisho shingoni, na pembeni yake mwenyekiti wa mtaa.

"Bibi, hili ni gemu la watoto," afisa alisema.

"Na nyumba iliyomo ni ya watoto?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hapo umejibiwa, bosi." Mwenyekiti akaomba utulivu, lakini naye alikuwa ameinama kutazama mraba.

"Picha hii imepigwa kabla ya Idi," bibi aliendelea. "Ukuta ni mchafu, unaona? Nilikuwa sijapaka chokaa. Na X haipo. Wenzio wamekuja baada ya Idi, wakakuta chokaa yangu mpya, wakaiharibu. Mimi ni wa awamu ya pili."

Afisa alichukua ubao, akaugeuza, akatazama nyuma kana kwamba kuna mhuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Aliyepiga picha nani?"

"Huyo hapo," bibi alisema bila kugeuka. Alikuwa ameniona tangu nilipofika.

Afisa aliniuliza kama ni kweli picha ilipigwa kabla ya Idi. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama ninayo picha yenyewe, ambayo haijaingia kwenye mchezo. Nikasema ninayo. Jibu lilitoka kabla sijalifikiria.

"Ilete Alhamisi," alisema, akaandika. Wakamwita anayefuata.

Tulirudi Saa Mbovu kwa miguu, bibi mbele na boksi lake, mimi nyuma. Watu walimuuliza vipi, akawajibu Alhamisi. Tulipita korido hadi uani, akaketi kwenye kibao cha mbuzi karibu na jiko, na mimi nikamwonyesha simu. Nilikuwa nimepanga maneno. Sikuyahitaji.

"Naijua," alisema. "Iko hapo, chini ya dirisha."

"Bibi, ulijua?"

"Nitaachaje kujua? Niliipaka mimi. Yaani nilimwita fundi aipake."

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa.

Alinieleza akiwa anawasha mkaa, na nitaiandika kwa mpangilio kuliko alivyoisema. Watoto wa kaka za marehemu mumewe walitaka nyumba iuzwe ijengwe ghorofa, kama zilivyouzwa zote za pembeni. Yeye hakutaka. Madalali wakaanza kuja, kila mmoja na mnunuzi wake. Alifanya kama wanavyofanya watu wengi mjini: aliandika ukutani kwa herufi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI. Haikusaidia.

"Wakaona naongeza bei," alisema. "Mmoja akaniambia, bibi, maandishi haya mazuri, yanaonyesha uko siriasi."

Ndipo akapata wazo la X. Nyumba yenye X hakuna anayeigusa. Alimwita fundi mmoja wa rangi, akamwambia apake juu ya yale maandishi ya mkaa, ambayo baadaye mvua iliyaosha. Madalali walikatika siku hiyohiyo. Hata watoto wa shemeji zake walipiga simu kumpa pole. Zilipobaki siku chache Idi ifike, aliona kumetulia, akapaka chokaa nyumba nzima kama kawaida yake ya kila mwaka, na X ikaondoka. Baada ya Idi mradi ukaja na kopo lao.

"Sasa niambie, mwanangu," alisema. "Ingekuwa ni X ya serikali, ningethubutu kuipaka chokaa? Mimi?"

"Mbona hukuyasema haya pale ofisini?"

"Niseme nimechora alama ya serikali kwa mkono wangu? Mbele ya mwenyekiti? Jioni yake wana wa shemeji wameshajua nani aliwafukuzia wanunuzi." Alipuliza mkaa. "Nilipoona kadi yenu haina ile X, nikasema, hawa wameuliza, wamejua si ya kweli, wameiondoa. Nilidhani mmejua."

"Tuliitoa kwa sababu ya rangi, bibi."

"Rangi ipi?"

"Ya mraba. Chungwa na nyekundu zilikuwa zinagombana."

Alinitazama. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunitazama hivyo. Hakuwa na hasira, ila alikuwa kama mtu anayepunguza kitu kwenye hesabu ya moyoni.

Nikamwambia kwamba Alhamisi wakiniuliza sitaweza kusema uongo. Na wakiiona picha, watasema alitiwa alama awamu ya kwanza, akaifuta, na kufuta ni kosa jingine. Atatoka bila kitu. Alikuwa ameshapiga mahesabu ya fidia ile: chumba na ukumbi huko Chanika, karibu na dada yake.

"Sitaki useme uongo," alisema. "Lakini kama unasema, sema yote. Nani alipaka, nani alifuta, na nani alifuta tena. Wana wa shemeji nitapambana nao mwenyewe, nimeshapambana na wakubwa zao. Ila usiende pale ukasema nusu."

Ilikuwa Jumatatu. Ili niseme yote nilihitaji fundi.

Bibi alikuwa hana namba yake. Alijua kwamba ni mtu wa kusini kama marehemu, anakaa Magomeni, na anaandika herufi nzuri. Jumanne nilizunguka Magomeni kutwa nzima, kutoka saluni hadi kwenye vibanda vya chipsi, nikiuliza nani kaandika kibao chenu. Nilikunywa chai mahali sita. Usingizi haukunikubali. Nilikuwa nalala nusu saa naamka kutazama simu kama kuna aliyejibu. Leo Jumatano asubuhi mtengeneza vibao mmoja akaniambia huyo mtu sasa hivi anaandika milango ya malori, kule barabara ya kuelekea bandarini.

Nilimkuta amelala chali chini ya mlango wa lori, anaandika jina la tajiri na uzito wa gari kwa brashi nyembamba. Alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, masikio yana madoa ya bluu. Nilimsalimu, nikajieleza, nikamuuliza kama anaikumbuka X ya Saa Mbovu.

"Naikumbuka sana," alisema bila kuinuka. "Kwa bibi wa fundi saa. Alinipa na kunde za kupeleka nyumbani."

"Uliipaka kabla ya Idi?"

"Mfungo ulikuwa haujaanza bado. Kama ungekuwa mfungo nisingepewa chai pale."

Nikamuuliza kama anaweza kuja kesho ofisi ya mtaa aseme hivyo.

"Naweza. Sasa mimi na X kuna kesi gani? Herufi yenyewe mistari miwili." Dereva aliyekuwa kivulini akacheka, akasema, "Muulize habari ya namba ya simu ya mkewe aliyoiandika kwenye bampa langu, hiyo ndiyo kesi." Fundi akamrushia kitambaa.

Nilifungua daftari nikamwomba anieleze tangu mwanzo, taratibu, kwa sababu nitayaandika. Alikaa kitako. Alisema bibi alitoka nje, akamwonyesha ukuta, akamwambia iwe kubwa, ipite juu ya yale maandishi. Fundi naye akafungua kopo.

"Ulipima?"

"Sikupima. Ilikuwa imeshapimwa."

"Imepimwa na nani?"

"Sijui. Nilikuta chaki. Mistari miwili ya chaki, hafifu, imekatizana vizuri tu. Nikajua bibi ameshanichorea. Nikaifuata."

Nilimuuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama tunavyofanya mtu akitupa jambo tusilolitaka. Hakubadilisha. Chaki nyeupe. Kutoka chini ya dirisha hadi karibu na paa.

Niliondoka pale karibu nakimbia. Bibi alikuwa barazani. Nilimuuliza kabla hata sijamsalimu, na aliniacha nikamilishe.

"Chaki?" alisema. "Chaki ningeitoa wapi, mimi mwalimu? Nilimwonyesha kwa mkono." Akatazama ukuta, ambapo sasa ipo X ya awamu ya pili juu ya chokaa ya Idi. "Siku hiyo madalali walikuja mara tatu. Huenda nilichora na kipande cha plasta. Huenda sikuchora. Usiandike kwamba nilichora."

Nikaenda kwa Mangi. Yeye hakusita: watu wa awamu ya kwanza walitangulia na chaki, akawaona kwa macho yake kwenye ukuta wa stoo yake, na kopo likafuata siku ya tatu au ya nne. Muuza madera, ambaye midoli yake inakaa mbele ya ukuta ule kila siku tangu saa moja asubuhi, anasema hakuona chaki yoyote, na wale wa mradi aliowaona, baada ya Idi, walikuja na kopo moja kwa moja na kumchafulia dera la njano. Wacheza drafti waligawanyika, na mmoja akadai chaki ni ya wale wa mabomba ya maji. Nilimpigia afisa wa mradi kumuuliza kama timu yake ya kwanza ilitumia chaki. Alisema hakuwepo wakati huo, aliajiriwa kwa awamu ya pili, na daftari la kwanza haliandiki mambo kama hayo. Akanikumbusha nisisahau picha.

Kama chaki ni ya bibi, nyumba yake iliingia daftari la kwanza kwa sababu tu mtu alipita akaona X iliyokwisha kupakwa na mtu mwingine, akaandika, na fidia ni haki yake. Kama ni ya mradi, basi fundi aliipaka alama ya serikali bila kujua, kwa rangi ya bibi, na bibi aliifuta bila kujua kwamba ni ya kweli, na fidia hana. Nimeyaandika yote mawili kwenye ukurasa wa Saa Mbovu, moja juu ya jingine, na yote yanaingia akilini.

Fundi amekubali kuja kesho. Bibi ameshapiga pasi buibui. Ofisi inafunguliwa saa tatu, na hadi sasa sijampata mtu hata mmoja aliyeuona mkono ulioshika ile chaki.